Siku nilipomfunga mbwa mdomo

Haya wadau, nimerudi. Najua hapa kijiweni kulishaota nyasi, na wengine mmenidaka hadi kwenye foleni ya msosi mkiuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa nimemezwa na projekti ya mwaka wa mwisho. Jana tumeiprezenti, kwa hiyo leo nimelala mpaka saa nne, nimefua, na sasa nimekaa kwenye kimbweta nyuma ya hosteli na laptop yenye chaji asilimia 61. Ngoja niwape mkanda mzima kabla haijazima. Kuna sehemu sijivunii hata kidogo, ila pacha wangu wa projekti kasema nikiandika niandike yote, la sivyo ataandika yeye.

Kwa wasiojua, projekti yetu ni ya kuhesabu maji. Maji ya hosteli mnayajua, yanatoka yanapojisikia, na kila mwezi kuna ubishi kuhusu nani katumia kiasi gani. Tukatafuta mita ya aina ile inayotoa mguso wa umeme kila zinapopita lita kumi, ili tuiunge na kompyuta. Kila mguso, kompyuta inaongeza moja. Ukitaka kujua hesabu unafungua faili linaloitwa mita, linakupa jumla ya kila saa kwa siku saba, yaani mistari 168. Basi.

Hapo ndipo ujuaji wangu ulipoanza. Kazi kama hii unaweza kuifanya kwa programu ya kawaida kabisa, kurasa mbili, ukaenda zako kunywa chai. Mimi nikasema hapana, tuiandike ndani ya kerneli ya Linux, kule kwenye kiini cha mfumo chenyewe, kama moduli. Sababu niliyompa supavaiza ilikuwa ndefu na yenye maneno mazito. Sababu ya kweli ni kwamba nilitaka watu waseme jamaa anaandika kerneli. Pacha aliguna tu. "Haya Profesa, ila tukisapu utanilipia wewe." Hakuwa anatania sana. Kwao yeye ndiye wa kwanza kufika chuo, na mwaka wa ziada hauna wa kuulipia.

Tofauti ni hii: ukikosea kwenye programu ya kawaida, inakufa peke yake na nyingine zinaendelea na shughuli zao. Ukikosea kwenye kerneli unaondoka na nyumba nzima.

Ndani ya moduli yetu kuna hesabu inayoguswa na watu wawili, anayeongeza mguso ukija na anayesoma mtu akifungua faili. Wakiigusa kwa pamoja inaharibika, kwa hiyo unaiwekea kufuli. Kufuli tulilotumia linaitwa spin_lock, na lina tabia yake. Anayelikuta limefungwa halali wala haondoki. Anazunguka pale pale mlangoni akiuliza tayari? tayari? tayari?, mamilioni ya mara kwa sekunde. Si upumbavu, maana makufuli haya yanatakiwa kushikwa kwa muda mfupi mno, na kumlaza mtu kisha kumwamsha kungechukua muda mrefu kuliko kusubiri kwenyewe. Lakini kama mwenye ufunguo harudi, huyu wa mlangoni atazunguka mpaka kiama, na prosesa anayoitumia haitafanya kitu kingine chochote.

Mwanzoni mita tulikuwa hatujaipata. Nilikuwa naandika kwenye laptop, ndani ya mashine pepe ya VirtualBox niliyoipa prosesa mbili, na badala ya mita nikaweka taima ya kerneli inayojifanya mguso mara 100 kwa sekunde. Mambo yanaenda safi, nusu saa, saa zima, halafu ghafla kila kitu kinasuasua, mshale unagoma, na logi inaandika:

watchdog: BUG: soft lockup - CPU#1 stuck for 22s!

Chini yake maandishi kibao, namba za kutisha na majina ya fankshoni yamepangwa kama ngazi. Kwa Kiswahili cha kwetu: mbwa mlinzi anasema prosesa namba moja imekwama kwa sekunde 22.

Mtu mwenye akili angeuliza, huyu mbwa ni nani na kaona nini? Mimi nilikuwa na jibu tayari. Wiki moja kabla nilishauona ujumbe ule ule baada ya kufunika laptop kwenda lekcha na kuifunua niliporudi. Na ni kweli, kwenye mashine pepe hutokea. Mashine mama ikiinyima zamu, ile ya ndani inashtuka kuona sekunde nyingi zimeruka, mbwa anabweka na mwizi hakuna. Nikajiambia ni hayo hayo. Nikaingia Google kutafuta namna ya kumnyamazisha, nikaipata, nikaongeza mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, sysctl.conf:

kernel.watchdog_thresh = 0

Namba hiyo kwa kawaida ni 10. Ukiweka sifuri, ukaguzi wote wa kukwama unazimwa. Kweli, ujumbe haukutokea tena. Saa sita usiku nikamtumia pacha meseji, "Ile bagi nimeimaliza." Akajibu kwa kopa tatu.

Mashine iliendelea kuganda, bila shaka. Mara moja kwa siku, mara mbili. Nikawa naizima na kuiwasha kimya kimya, nimeizoea kama mtu anavyozoea daladala ambalo mlango wake unafungwa kwa kamba.

Siku ya kumwonyesha supavaiza kwa majaribio ikafika. Ofisini kwake, sisi wawili tumechomekea, projekta ukutani. Pacha anaeleza vizuri, mimi nafungua faili la mita mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Ikaganda. Nikajichekesha. Dokta hakucheka.

"Logi inasema nini?"

"Haijaandika kitu, Dokta."

"Mashine imeganda dakika mbili na kerneli haijaandika kitu?"

"Ndiyo, Dokta."

Akaniangalia kwa muda. Sikusema uongo, si mnaona? Kila neno lilikuwa kweli. Akatusimulia habari ya chombo cha Mars Pathfinder, kilichotua Mirihi Julai 1997. Kikawa kinajizima na kujiwasha huko huko. Kazi ndogo ilikuwa imeshika kufuli, kazi kubwa inalisubiri, na kazi za katikati zinapita mbele ya ile ndogo hivyo haipati nafasi ya kulifungua. Mlinzi wa ndani akiona kazi muhimu haijaisha kwa wakati, anawasha upya mfumo wote. Wahandisi walilikamata kosa kwenye mashine pacha iliyobaki Duniani, wakatuma marekebisho hadi Mirihi. "Wao walikuwa na kumbukumbu za kusoma," Dokta akasema. "Ninyi mna nini?" Akatupa siku tisa.

Jioni ile tukakaa hapa hapa nilipo sasa. Pacha akavuta laptop. Yeye si mtu wa kerneli, ni mtu wa kusoma maelekezo mpaka ukurasa wa mwisho, jambo ambalo mimi naliona ni la wazee. Akawa anasoma kuhusu mlinzi huyo, kimya, kama robo saa. Kisha akaandika amri moja, akaigeuza skrini ikanitazama.

"Hii sifuri kaweka nani?"

Ningeweza kusema ilikuja hivyo. Nilifikiria, nakiri. Nikasema, "Mimi."

"Lini?"

"Ile siku ya kopa tatu."

Alifunika laptop, akaondoka nayo. Laptop ni yangu, lakini sikuthubutu kumwita. Alirudi baada ya kama saa nzima, hajasamehe, ila kaja na daftari limejaa michoro. Ile sifuri alikuwa keshaifuta. "Kaa nikuelezee mbwa wako," akasema.

Naandika alichonieleza, maana tangu siku ile sijakipata kwingine kikiwa wazi hivyo.

Kila prosesa ina taima yake ndogo inayoigonga begani kila baada ya sekunde nne. Pia ina kijikazi chenye kipaumbele kuliko kazi zote, ambacho kazi yake ni kuandika tu saa ngapi sasa hivi. Kama prosesa iko huru kugawa zamu, kijikazi kinapata zamu yake na saa inaandikwa. Kama kuna kazi ndani ya kerneli imeng'ang'ania haiachii, kijikazi hakipati nafasi na ile saa inachakaa. Taima ikigonga inaitazama saa iliyoandikwa. Ikikuta imepita zaidi ya sekunde 20, ambazo ni ile 10 mara mbili, inabweka, na muhimu zaidi inaandika prosesa ilikuwa ndani ya fankshoni gani wakati ule. Ndiyo ile ngazi ya majina niliyokuwa nakimbia kuisoma. Ingo Molnár ndiye aliyeiandika ya kwanza mwaka 2005. Ni kitu kirahisi hata unashangaa: humuulizi mtu kama mzima, unaangalia kama kasaini daftari la mahudhurio.

Tukaiachia mashine igande. Haikuchukua hata dakika 40. Tukasoma ngazi kutoka juu kwenda chini, kidole kwenye skrini. Juu, taima yetu, inazunguka mlangoni kwa kufuli. Chini yake, kwenye prosesa ile ile, fankshoni yetu ya kusoma faili, iliyoshika lile kufuli.

Yaani hivi: msomaji kachukua ufunguo, yuko katikati ya kuandika mistari yake 168. Taima ya mguso ikamkatiza, juu ya prosesa hiyo hiyo, ikataka ufunguo. Msomaji hawezi kuendelea mpaka taima imalize, na taima haiwezi kumaliza mpaka msomaji aachie. Ndiyo maana kosa lilikuwa linakuja na kuondoka kama umeme. Msomaji akiangukia prosesa ya pili hakuna shida, mmoja anasubiri kidogo mwenzake anamaliza. Wakikutana kwenye moja, kwisha habari. Majina yote hayo mawili yalikuwa kwenye logi tangu siku ya kwanza.

Dawa ilikuwa herufi tatu. Badala ya spin_lock, msomaji atumie spin_lock_bh, inayozuia taima za namna ile kumkatiza akiwa ameshika ufunguo. Tukaiacha usiku kucha, asubuhi inadunda. Nikataka kushangilia. Pacha akasema tusubiri mita.

Mita ilihitaji mashine ya kweli. Fundi wa maabara, tunayemwita Mzee wa Funguo, alitutolea stoo kompyuta ya mezani ya zamani yenye ile soketi pana ya printa. "Shikamoo Mzee." "Marahaba. Mkiiunguza hii msirudi kwangu." Soketi ile ina pini, ya kumi, ambayo ikiguswa inapiga intarapti namba 7 kwenye prosesa. Kwa majaribio tukaweka kitufe badala ya mita. Pacha anabonyeza, mimi nasoma faili kwa mfululizo. Na kitufe kikibonyezwa mara moja hakigusi mara moja, chuma kinadundadunda na kupiga intarapti kadhaa kwa pamoja.

Bonyezo la tatu, ikaganda. Ikaganda kabisa, si ule mgando wa kusuasua. Tukasubiri sekunde 22 zetu. Hamna. Tukahesabu hadi 60. Hamna. Pacha akanitazama, nikasema wallahi safari hii sijagusa kitu! Akaniamini, lakini si mara moja, niliona.

Tulipowasha upya, logi haikuwa na hata mstari, maana mashine iliganda kabla ya kuandika kwenye diski. Tukarudi kwenye daftari lake, ukurasa ambao alikuwa ameandika pembeni "wa pili??"

Mnaona, mbwa wa kwanza anategemea taima imgonge prosesa. Na taima nayo ni intarapti. Safari hii mguso ulikuja kama intarapti halisi, na prosesa ikiwa ndani ya kushughulikia intarapti inakuwa imezifungia mlango nyingine zote. Ile bh yetu ilikuwa imezuia taima za kerneli tu, haikuzuia intarapti ya soketi. Kwa hiyo kosa ni lile lile, ngazi moja chini zaidi, na safari hii mbwa mwenyewe kafungiwa nje.

Kwa hilo yupo wa pili. Ndani ya prosesa kuna kihesabio kinachohesabu mizunguko ya prosesa yenyewe, na kwa kipimo cha kawaida hufurika takriban kila sekunde 10. Kikifurika kinapiga intarapti ya aina ya pekee, NMI, ambayo prosesa haiwezi kuikatalia hata iwe imefunga milango yote. Huyu haulizi habari za kazi. Anamwangalia mbwa wa kwanza: ile taima yake imegonga hata mara moja tangu nilipopita mara ya mwisho? Kama haijagonga, prosesa imekwama kikwelikweli. Don Zickus ndiye aliyewaweka hawa wawili kwenye nyumba moja mwaka 2010. Kwenye VirtualBox yangu mbwa wa pili hakuwepo kabisa, kwa sababu mashine pepe ile haikuwa na kihesabio hicho, kwa hiyo hata ningekuwa mwadilifu namna gani, kosa hili nisingelikamata kwenye laptop. Na kuna prosesa, hasa za aina ya ARM zinazotumika kwenye simu, ambazo hazina hiyo intarapti isiyokatalika. Kwa ajili hiyo Linux toleo 6.5 la mwaka 2023 liliongezewa njia nyingine: kila prosesa inamchungulia jirani yake. Mimi naiona hiyo ndiyo nzuri kuliko zote, maana haihitaji kifaa chochote, inahitaji jirani tu.

Basi tukahama kutoka skrini ya madirisha kwenda ile nyeusi ya maandishi, tukaweka hardlockup_panic iwe 1 ili mashine ikikwama isimame na kumwaga yote pale pale kwenye skrini. Pacha kwenye kitufe, mimi nimeshika simu tayari kwa picha. Bonyezo la pili, kimya. Sekunde kumi na kitu, skrini ikajaa. Nikapiga picha saba, tano zimetoka na ukungu kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka. Lakini ngazi ilisomeka: juu, intarapti yetu inazunguka mlangoni, chini msomaji na ufunguo wake.

Tukabadilisha kuwa spin_lock_irqsave, inayozuia intarapti zote kwenye prosesa hiyo mpaka kufuli liachiwe. Pacha akaongeza kitu ambacho mimi nisingekifikiria. Kwa nini msomaji anaandika mistari 168 akiwa ameshika ufunguo? Anakili namba haraka, aachie, akaandike nje. Aibu kidogo, maana ndivyo makufuli haya yalivyotakiwa kutumika tangu mwanzo. Usiku ule Mzee wa Funguo alituachia maabara hadi saa tano. Tukabonyeza kitufe kwa zamu mpaka kidole gumba kikavimba. Haikuganda.

Jana sasa. Jopo la watu wanne, mita ya kweli, ndoo ya maji na mpira. Kila kitu kikaenda. Nilidhani tumemaliza, Dokta akauliza, "Ile mbovu bado mnayo?"

"Tunayo, Dokta."

"Nionyesheni ikikwama."

Tukapakia ile ya zamani. Pacha akabonyeza. Ukumbi kimya, mmoja wa wageni akanong'ona kama imeharibika. "Subirini kidogo," pacha akasema. Nilikuwa nahesabu moyoni, nilifika 13, skrini ikajaa maandishi. Dokta akasogea na kalamu, akaniambia nisome mstari kwa mstari. Nikasoma. Nikafika mwisho. Akakaa.

"Sasa ile siku ofisini kwangu, mbona haikuandika?"

Pacha alikuwa anakunja waya, akaacha.

"Niliizima, Dokta," nikasema. "Mimi, si yeye. Niliizima ili nisione ule ujumbe, nikamwambia mwenzangu nimetengeneza."

Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Sijui ni nini, maksi hazijatoka.

Nje, pacha alikuwa anamalizia kufunga begi. "Ungeweza kusema ni VirtualBox," akasema.

"Ningeweza."

"Haya, twende tukale. Unalipa wewe."

Nililipa. Wali maharage mara mbili, na soda. Chaji imefika asilimia 9.